Fomu Zilizorudi Bila Namba

Mimi ni karani wa idara, mwaka wa kumi na moja sasa, na kazi yangu naipenda. Kila mwisho wa muhula wanafunzi huwapima walimu wao, moja hadi tano, nami naingiza namba kwenye kompyuta. Chuo kizima wananiita Mama Fomu, na sikasiriki.

Safari hii mwalimu wetu kijana, tuliyembatiza Bwana Kwa Nini, alipata wastani wa mbili nukta moja. Huyo ukimuuliza swali anakurudishia swali. Mkuu wa idara alishasema: akishuka chini ya tatu, mkataba basi. Nyumbani ana mapacha wa miezi minne. Roho iliniuma.

Waliompa moja niliwaelewa. Wamezoea kusomewa nota neno kwa neno. "Hafundishi, anatuuliza tu," waliandika. Wapenda ubishi walimpa tano. Lakini fomu kumi na saba hazikuwa na namba hata moja, na fomu tupu siku zote naipa sifuri. Nilidhani ni uvivu tu.

Nilipokuwa nazifunga, rundo likaniponyoka, zikamwagika sakafuni kifudifudi. Nyuma ya moja palikuwa na mwandiko mzuri: "Mimi ni nani hata nimpe mwalimu wangu maksi? Kwetu mkubwa hapimwi. Ila somo lake nalisimulia nyumbani mpaka mama amelijua." Nikageuza nyingine, na nyingine. Karibu zote zilikuwa na maneno kama hayo.

Nami nililelewa hivyo hivyo! Baba yangu sijawahi kumtaja kwa jina, hata daktari aliponiuliza jina lake nilimwandikia kwenye karatasi.

Nikaenda kwa mkuu. "Mzee, nimekosea. Heshima nimeihesabu sifuri."

Alizisoma zote, miwani puani. "Toa hizo sifuri, piga hesabu upya."

Ikaja tatu nukta tatu.

Bwana Kwa Nini alikuja ofisini anacheka mpaka gego linaonekana. "Mama, kwa nini hukuzigeuza miaka yote hiyo?"

Jamani, hata shukrani analeta kwa swali! Tulicheka sote, lakini swali lile lilibaki mezani kwangu.

Sasa kila mchana nafungua kabati la fomu za zamani, nageuza moja moja. Kuna mwalimu mmoja, mama mpole, aliondolewa miaka mitatu iliyopita kwa mbili nukta nne. Jana nilizifikia zake, na zile tupu nyuma zimeandikwa. Namba yake ya simu bado ninayo.