Siku Niliyonyamaza Mbele ya Kafili

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, ningali kijana, nikichunga mbuzi wa kafili, yule tajiri aliyenidhamini kuingia Saudia, kwenye nyanda za juu, nyuma ya milima inayoitazama Jeddah. Nilikuwa nimetoka Kenya nije kuwa dereva, lakini aliyenipokea alinipa fimbo badala ya usukani. Sikulalamika sana. Mimi ni Msamburu. Mifugo nimezaliwa nayo.

Tulikuwa wawili tu, mimi na Mzee Idris, Msudani aliyeishi huko miaka mingi kuliko umri wangu. Majani yakiisha tulikunja hema, tukahamia kwingine. Nchi ya mawe matupu ile, na upepo wake, usiuombe.

Asubuhi hiyo mzee alikuwa na homa. Akaniambia kwa Kiarabu chepesi nilichokwisha kukizoea, "Leo usipande mlimani. Mawingu yale yana barafu. Wazuie mbuzi hapa nyuma ya mawe."

Nilimwitikia, huku nikicheka moyoni. Anifunze mimi kuchunga? Huko juu niliona majani mabichi, nikawapandisha. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, lakini mjuaji hana swali.

Adhuhuri mvua ya mawe ikatushukia. Jua nalijua, mwanangu, na kiu naijua. Baridi ya namna ile sikuwahi kuionja. Watoto wa mbuzi walitetemeka, wakalala, wakakataa kuamka. Wawili niliwafunika kwa koti langu, wakapona. Kumi na mmoja niliwaacha hukohuko.

Niliporudi, Mzee Idris aliwatazama waliobaki. Alichemsha chai, akanipa.

Kesho yake kafili alifika na pikapu, akawahesabu mbuzi. Mimi hakuniuliza. Alimgeukia mzee.

"Idris, umezeeka. Umeniulia mbuzi. Halas, yamekwisha, panda gari, urudi kwenu."

Mzee alinitazama mara moja tu. Nami, Mungu anisamehe, nikatazama chini. Akaingia hemani, akakunja blanketi lake, akapanda nyuma ya gari na homa yake. Injini ikawaka. Ndipo miguu ikanitangulia. Nilisimama mbele ya gari nikapaza sauti kwa Kiarabu changu kibovu:

"Baba, mafi Idris! Si Idris, ni mimi! Yeye alinikataza!"

Kafili alinikazia macho, kisha akamwambia mzee ashuke, nami nikapanda mahali pake. Kabla hatujaondoka, Mzee Idris alinishika bega.

"Mbuzi nilikusamehe jana, kijana. Ule ukimya wako wa leo ndio ulionichoma."

Sikumwona tena. Badala ya kurudishwa Kenya nilipelekwa Riyadh, kubeba magunia katika ghala moja la mtaa wa Al-Sulay, na hadi leo niko papo hapo, sasa mlinzi wa lango.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe uliyefika juzi. Ukiwa ugenini, mfuate aliyekutangulia kuijua nchi, hata kama kwenu wewe ndiwe fundi. Na ukikosea, usingoje. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kosa lenyewe mara nyingi watu hulisamehe; wakikuona unamwacha asiye na hatia alibebe, hilo halisahauliki upesi, na wewe mwenyewe hutalisahau.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kweli. Akutangulie kila uendako, akurudishe kwa mama yako ukiwa mzima, na jina lako likiwa safi.