Waliomwita Imilia Kutoka Nyuma ya Mawe

Kabla watu hawajaanza kumwita mtakatifu, Imilia alikuwa mke wa mtia rangi nguo hapa Roccadoria. Alikuwa na ulimi mkali na magoti mabovu, na padre alipohubiri yeye alisinzia. Mimi, Gemmata, nilikuwa jirani yake, kisha mtawa wa kwanza katika shirika lake.

Mwaka wa tauni baraza la mji liliamuru nyumba za wagonjwa zizibwe milango na madirisha kwa mawe na chokaa, wenyewe wakiwa humo humo. Vanni, msokota kamba, alizibiwa ndani pamoja na mkewe Druda. Tulisikia wakigonga. Baadaye hatukusikia tena, na mji ukaendelea kula mkate wake.

Majuma mengi yakapita. Mchana mmoja wa ukungu, tukipeleka sufu mtoni, Imilia alisimama mbele ya nyumba ile.

"Umemsikia Druda? Anasema nimletee maji."

"Hebu twende zetu. Druda saa hizi ni mifupa."

"Ananiita kwa jina, Gemmata. Wala hapigi kelele. Kama mtu yuko jikoni, anaomba chumvi."

Mimi nilisikia mto tu. Mumewe, Baruncio, alipoambiwa alicheka. "Mimi mzima nakuita huitiki, utawasikia maiti?" Alicheka peke yake. Usiku huo Imilia hakugusa chakula, na asubuhi alichukua mtaimbo, akabomoa dirisha la Vanni huku watu wakimtazama kwa mbali.

Nilimfuata kwa sababu niliona aibu kubaki nje. Vanni alikuwa kitandani. Druda alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea mlango uliozibwa, mdomo ameubandika kwenye ufa mwembamba wa chokaa. Alikuwa amekauka kama ngozi ya kiatu.

Imilia aliweka ndoo chini, akamwosha uso. "Nimekuja, dada," alimwambia. "Nisamehe, nimechelewa."

Tulipokwisha kumvika sanda yeye na mumewe, alinigeukia. "Amenyamaza." Kisha akainamisha kichwa, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili. "Sasa ni kwa fundi viatu."

Ndivyo tulivyoanza. Wajane wengine wakajiunga nasi, na Baruncio mwenyewe akatuchotea maji mpaka alipokufa. Tauni iliisha, sauti hazikuisha. Zilimwita kutoka mashimo ya maiti, na kutoka chini ya daraja. Kila alipotuelekeza tulichimba, na hatukuchimba bure.

Maneno yalimfikia askofu, akamtuma Padre Ranieri aje atukomeshe. Padre alifikia katika nyumba kongwe ya watawa wa kiume, akamwita Imilia mezani kwake.

"Mama, na hapa nilipo kuna anayekuita?"

Imilia aliinamisha kichwa. "Yupo, Padre. Ila huyu hajui majina. Analia tu, chini ya kiti chako."

Padre aliinuka. Alisogeza kiti, tukang'oa jiwe la sakafu. Kulikuwa na kifurushi cha kitani, na ndani yake mifupa ya mtoto mchanga iliyoenea kiganjani. Padre alikwenda kisimani mwenyewe, akarudi na ndoo. Mwaka uliofuata askofu alitupa idhini ya kuwa shirika, lenye kanuni moja kubwa: asilale mtu kaburini hajaoshwa.

Imilia alizeeka akiheshimiwa, lakini hakuwa na raha. Siku moja alinishika mkono akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mwingine.

"Nyinyi hamsikii, Gemmata. Nikiwaita mimi, nani ataitika?"

Kwa hiyo alipozidiwa hatukungoja. Tulikaa naye mchana kutwa, maji ya moto kando ya kitanda, yakipoa tukileta mengine, naye akisikia tunavyoyamimina. Pumzi ilipokatika, kitambaa kilikuwa tayari shavuni mwake. Tulimwosha polepole. Kisha tukakaa kimya sote, tukisikiliza, mpaka giza likaingia.