Skrubu za Paa kwenye Boti ya Baba

Nianze kwa kukiri, maana jirani yetu akinitangulia ataisimulia vibaya zaidi: boti ya marehemu baba niliiziba kwa skrubu za paa. Zile zile zenye kichwa cha rangi na mpira mweusi chini yake, ambazo mtu mwenye akili zake anazipiga kwenye bati la nyumba. Mimi nilizipiga kumi na tisa kwenye tumbo la boti ya alumini, kisha nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama kazi yangu, nikaona imependeza.

Hoja yangu ilikuwa na mantiki, angalau nilipokuwa bado nimekaa. Mwaka uliopita paa la nyumba yetu hapa Igombe lilivuja juu ya kitanda changu, na kwa kuwa kitanda hicho ndicho mahali ninapopapenda kuliko pote duniani, nilipanda mwenyewe nikalitibu. Halijavuja tena. Basi nikajiambia: boti ni nini kama si paa lililogeuzwa? Nilisoma fizikia hadi kidato cha nne. Matokeo yangu ya somo hilo, kama ningeyakumbuka kwa wakati, yangenizuia hapo hapo.

Si kwamba niliamka tu nikapenda boti. Mimi ni mtu wa ndani. Nimezaliwa hatua chache kutoka ziwani, na maji nayapenda yakiwa kwenye beseni, ya uvuguvugu. Lakini tangu baba afariki, boti ilikuwa imelala kifudifudi uani, kuku wanatagia chini yake. Asubuhi moja mama, akiwa anamenya viazi, akasema bila hata kuinua uso:

"Wale wa chuma chakavu wanapita Jumamosi ya wiki ijayo. Kama hiyo boti haielei, waichukue wakaiyeyushe iwe sufuria."

"Mama, ni ya baba ile."

"Najua ni ya nani. Nilikuwa ndani yake."

Sikuuliza ana maana gani. Nilikimbilia madukani Buzuruga kununua skrubu.

Boti yenyewe baba aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akipima samaki ziwani na wakati huo alikuwa anarudi kwao. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ng'ambo ya ghuba mama alikuwa na shamba la viazi vitamu. Wenzetu walivuka kwa mitumbwi ya mbao, kimya kimya. Sisi tulivuka na kitu kinachong'aa na kupiga makelele, kila wimbi likikigonga kama mtu anadai chakula. Majirani wakakiita Sufuria. "Mwalimu kaja na sufuria yake," walisema, na baba aliinua kofia kana kwamba amesifiwa.

Nasema "tulivuka", ila ukweli ni kwamba mimi nilibaki nyumbani kulinda. Kulinda nini, hakuna aliyewahi kuniuliza. Waliporudi jioni na magunia, mama akiwa bado na kopo la kukumbia maji ya botini mkononi, walinikuta nimelinda mkeka vizuri sana.

Kila likizo ya mwezi wa sita baba alikaza ribiti za boti. Ribiti ni vile vijipini vifupi vya alumini, vichwa vyake vimejipanga kama vifungo vya shati, vinavyoshika bati moja kwa jingine. Vinalegea kwa kupigwa na mawimbi, na maji yanapenya. Kazi hiyo naikumbuka kwa masikio tu. Nimelala mkekani, dirisha limefungwa, huko uani nasikia kwanza sauti ndogo, ko. Halafu kubwa, ka! ka! ka! Kisha ko. Kisha ka! ka! ka! Ile kubwa nilijua ni baba na nyundo. Ile ndogo nilidhani ni mwangwi. Sikuwahi kutoka kuangalia. Kutoka mkekani hadi dirishani zilikuwa hatua nne, na kwangu hizo tayari ni safari.

Basi tukaijaribu boti yangu ya skrubu Jumapili baada ya misa. Mama aliingia na kitenge chake cha kwaya, akakaa mbele, pale alipokuwa akikaa zamani. Nikasukuma. Hatukufika mbali. Maji yaliingia kuzunguka kila skrubu kama yamealikwa, na mama aliposimama kuyakimbia, ncha za skrubu zilizochomoza ndani zikashika kitenge zikakichana. Tulishuka, maji yanatufika magotini.

Jirani yetu, mwanamke anayeanika dagaa kwenye chanja pale mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki, aliacha kazi yake ili atazame vizuri.

"Shikamoo," nikasema, maana mtu hata akizama anasalimia.

"Marahaba. Unamsafirisha mama yako au unamwogesha?"

Mama alikamua kitenge. Nilisubiri anitukane. Badala yake akasema, "Bado siku sita," akapanda kwenda nyumbani. Nilipofika nikiburuta boti, alikuwa ametoka chumbani kwake na vitu viwili: kopo la maziwa ya unga lililojaa ribiti mpya, na kipande cha ekseli ya lori, kizito, kimefungwa kwenye khanga kuukuu.

"Mbona hukuniambia unavyo hivi?"

"Ungeuliza ningekuambia. Umetoka Buzuruga na mfuko wako wa skrubu, unatembea kama mkandarasi. Nani angekusimamisha?"

Akanipa siku nzima ya Jumatatu ya kuzing'oa skrubu zote na kuchomeka vijiti kwenye matundu yake kwa muda. Jumanne tuliiweka boti juu ya matairi, nikaijaza maji ndoo kwa ndoo, nikaingia chini na kipande cha mkaa kuchora mahali inapovuja. Kila tone lilipodondokea nikachora duara. Nilikuwa nimeshachora mengi, najiona fundi, mama alipoinama na kuchungulia.

"Hapo ndipo linapodondokea. Linapotokea ni wapi?"

Nikatazama tena. Tone lilitoka kwenye ribiti moja huko juu, likatembea taratibu kwenye mshono kama siafu, ndipo likaanguka mbali kabisa. Nilifuta maduara yote kwa kiwiko, nikaanza upya, kidole kikilifuata kila tone lilikotoka. Nikagundua pia kwamba nusu ya skrubu zangu nilizipiga mahali ambapo hapakuwa na tatizo lolote. Nilikuwa nimeitoboa boti nzima ili kuziba pasipovuja.

Jumatano tukamwaga maji na kuilaza boti ubavu, ikiegemea ukuta wa jiko. Nikachukua ribiti, nikaipitisha kwenye tundu moja la skrubu, nikaipiga. Ikadumbukia ndani. Nikachukua nyingine, nikaipiga kwa adabu zaidi. Ikaruka kama karanga kikaangoni. Ya tatu sikuiona tena hadi leo. Mama alikuwa amekaa mlangoni anakunywa chai.

"Baba alikuwa anazifanyaje peke yake?"

"Peke yake?"

Aliweka kikombe chini. Akachukua kigoda na kile chuma, akazunguka upande wa pili, akakaa ndani ya tumbo la boti nisikoweza kumwona. Nikaweka ribiti nyingine kwenye tundu. Kisha, kutoka ndani, ikaja sauti ndogo.

Ko.

Nilisimama pale na nyundo hewani. Mwangwi gani unaotangulia sauti yake? Hata fizikia yangu ingeweza kuliuliza swali hilo, kama ningetembea zile hatua nne hadi dirishani. Miaka yote ile mama alikuwa ndani ya boti, ameshika chuma ili mkia wa ribiti ubondeke juu yake, na mimi mkekani nimempa cheo cha mwangwi.

"Umelala?" sauti ikauliza. "Nimegonga. Moja ni piga. Mbili ni subiri, nasogea. Au nikuandikie?"

Nikapiga. Ka! ka! ka! Nilipopapasa kwa kidole, ribiti ilikuwa imetulia, haitikisiki.

Siku tatu tulifanya kazi hivyo, nisimwone, tukiongea kupitia bati. Au yeye aliongea. Mimi nilikuwa nahema. Mkono wangu ulichoka kabla ya wake, na yeye ana zaidi ya miaka sabini. Alinieleza kwamba baba alikuwa akisimulia mambo ya shule kati ya ribiti na ribiti, mwalimu mkuu kasema hivi, mzazi fulani kaja kufanya vile. Na kwamba wakigombana waliiacha hasira hadi siku ya boti.

"Mwaka mmoja tulinuniana wiki nzima," alisema. "Akapiga ribiti zile, we! Mpaka leo hazijalegea. Zitafute huko nyuma, utaziona zimelala bapa."

Nilizitafuta. Zimelala bapa kweli. Nilipitisha kidole juu yake moja moja, na kwa muda kidogo sikuona haja ya kuwahi kazi iliyobaki.

"Sasa kwa nini ulitaka iyeyushwe?"

Akagonga mara mbili. Subiri. Nikamsikia anasogeza kigoda.

"Nikipita hapo uani mkono unatafuta kile chuma," akasema. "Hakuna wa upande wa pili. Nikaona bora iondoke."

Halafu akagonga mara moja, nikapiga.

Ijumaa ilibaki ribiti moja. Mama alikuwa ameingia jikoni kugeuza viazi, na mimi nikajiona nimeshahitimu. Nikaweka jiwe upande wa ndani, likaegemea vizuri tu, nikapiga peke yangu. Ilionekana sawa. Jiwe nikaliacha kwenye kigoda chake.

Jumamosi asubuhi tuliishusha boti majini mapema, kabla ya wale wa chuma. Mama mbele, mimi kwenye makasia, nimeyashika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Kasia la kwanza, kukavu. La pili, kukavu. Mawimbi yakaanza kuigonga Sufuria, ile kelele ya zamani, na pale mwaloni watu wawili watatu wakainua vichwa. Mama alikuwa ameweka kiganja sakafuni, anapapasa, kisha akakitazama. Hakikuwa na maji.

Mimi nikatazama chini. Kati ya miguu yangu, tone moja lilichomoza, likatembea, la pili likalifuata.

"Hiyo uliipiga peke yako," mama akasema.

Hakuwa anauliza. Akachukua kopo lake, akakumba maji kidogo yaliyokuwepo, akayamwaga pembeni bila kuangalia, mkono unajua wenyewe njia.

Ndipo guta la magurudumu matatu la wale wa chuma chakavu likafika pale juu ufukweni, dereva anatuita kwa mikono yote miwili. Mama akamjibu kutoka majini kwa sauti ambayo sikujua bado anayo:

"Kijana, jikoni kuna sufuria mbili zimetoboka, chukua hizo! Hii inakwenda shambani!" Kisha akanigeukia: "Na wewe, vuta. Ng'ambo si karibu."

Tukapita mbele ya chanja. Jirani alikuwa amesimama, mikono kiunoni, dagaa zake zinamsubiri. Mama alimweleza yote kwa sentensi tatu, nani wa kugonga na nani wa kupiga, na jiwe langu hakulisahau. Jirani aliniangalia, akaiangalia boti, akamwangalia mama, akasema:

"Kumbe miaka yote fundi ni mama yako! Baba yako na wewe ni wapiga kelele tu."