Swali Lililofika Semina Kabla Yangu

Kwenye maktaba ya chuo ninakofanya kazi, mtu akishushwa cheo hapelekwi mbali. Anapelekwa mlangoni, kwenye kaunta ya mizigo, anapokea mabegi ya wanafunzi na kuwapa kibao chenye namba. Mimi niko dawati la kuazimisha vitabu, na kaunta hiyo iko mbele yangu kutwa nzima, kama mtu aliyepanga nyumba inayotazamana na makaburi. Kwa hiyo mkubwa wetu wa kitengo alipotutangazia kwamba siku zijazo dawati litakuwa la wenye digrii, na kwamba sisi wenye cheti tumepewa muda wa kusoma, sikuuliza atakayeshindwa atafanywa nini. Nilitazama mabegi tu.

Nikajiandikisha chuo kingine, upande wa pili wa jiji, masomo ya wikendi. Wenzangu walidhani nimefuata unafuu wa ada, na kwa tabia yangu wana haki ya kudhani hivyo. Mama yangu aliuza mabeseni ya plastiki soko la Nakivubo, nami nimekulia chini ya meza yake. Sijawahi kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote, hata nyanya za jirani yangu hapa Kamwokya. Lakini safari ile sikufuata unafuu. Nilifuata mahali ambapo hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja atakayenikuta nimesimama upande wa wanaouliza.

Jumamosi ya kwanza askari wa getini, mtu wa kaskazini mwenye Kiswahili cha kambi za jeshi, aliitazama hijabu yangu, akautazama na mkoba.

"Hajjati, mkutano ya wazazi iko kesho."

"Mimi ni mwanafunzi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Akafikiri kidogo. "Haya. Mwanafunzi inapita hapa. Pole."

Ile pole niliingia nayo darasani. Hija sijaenda. Kampala ukijifunga hijabu na mwili ukaongezeka kidogo, watu wanakupa Hija bure, na mimi kitu cha bure sikirudishi.

Masomo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye ripoti ya utafiti. Msimamizi wangu, mwanamume ninayeweza kuwa shangazi yake, alinirudishia sura ya pili, ile ya kueleza waliotangulia wameandika nini.

"Hivi vitabu vyako, mama, ni vizuri," alisema. "Lakini kipya kabisa kimenizidi umri. Nenda kwenye databesi uniletee makala za karibuni. Bila hivyo siwezi kuipitisha."

Bila sura ya pili hakuna ripoti. Bila ripoti hakuna digrii. Bila digrii, mabegi. Nilihesabu hivyo kwenda, nikahesabu hivyo kurudi, ikatoka jibu lile lile.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa nje atalishangaa. Vitabu navijua. Nipe rangi ya jalada na unene wake, nitakupeleka kwenye rafu nikiwa naongea na simu. Lakini databesi, zile ghala za makala zilizo kwenye mtandao, kwetu zinahudumiwa ghorofa ya juu, na mimi na ghorofa ya juu tulikuwa watu wa kusalimiana kwenye ngazi. Waliponiita kwenye mafunzo nilisema nina foleni. Foleni ilikuwepo kweli. Ila hata isingekuwepo ningeitafuta.

Nilikwenda kwenye dawati la msaada la maktaba ya chuo kile nikiwa na flashi yangu nimeifunga kwenye leso. Palikuwa na mkutubi Mkenya mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na sauti ya chini. Nilikuwa nimejipanga kwa Kiingereza, lakini kusimama tu mbele yake Kiingereza kikanikimbia, kikaja Kiswahili cha nyumbani, nacho kikiwa kinahema.

"Shikamoo... samahani. Habari yako. Natafuta makala."

"Marahaba ni yako wewe, mama," alisema, akavuta kiti. "Keti. Makala ya nini?"

Alinihudumia kama inavyotakiwa. Hakuninyang'anya kipanya. Aliniuliza maneno yangu muhimu ni yapi, akaniacha niyaandike mwenyewe kwa kidole kimoja, na herufi ilipopotea alitazama dirishani mpaka nikaipata. Makala ikatokea. Ilikuwa ndiyo hasa, kana kwamba mwandishi wake alijua nitakuja. Akanionyesha jinsi ya kuipakua, ikaingia kwenye flashi. Nikaifunga flashi kwenye leso, nikainuka, nikamwuliza, "Narudisha lini?"

Nilisema hivyo. Mdomo ulisema wenyewe. Maisha yangu yote ya kazi, hakuna kitu kilichotoka mikononi mwangu kwenda nje ya mlango bila kugongwa muhuri wa tarehe. Kitu kinatoka, kinarudi, kisiporudi, faini. Kwangu hiyo ndiyo maktaba.

Yeye hakucheka. "Hiyo hairudishwi, mama. Ni yako."

Nilimtazama kama ninavyomtazama mwuza duka anayekubali bei yangu haraka mno.

"Yangu kabisa?"

"Kabisa."

"Nikikaa nayo mwezi?"

"Hata mwaka."

Nilishukuru nikaondoka. Ni kwenye ngazi ndipo nilipojisikia. Masikio yalipata moto. Makala ilikuwa bado ipo pale kwenye mtandao kwa wengine wote. Nilichobeba ni nakala. Nilitaka kurudisha nakala. Na nilikuwa nimeuliza mara mbili, kwa sababu mimi kila kitu nauliza mara mbili. Nilijituliza kwa hesabu: aliyesikia ni mtu mmoja, jina langu hakuliuliza, mahali pangu pa kazi hapajui. Hasara ndogo.

Wiki chache baadaye mkubwa wa kitengo akanichagua tufuatane kwenye semina ya wakutubi wa vyuo, kwenye ukumbi mmoja Bugolobi. Mada ilikuwa namna ya kumsaidia mwanafunzi anayeogopa kuuliza. Nilipoingia nilihesabu viti, kisha vikombe vya chai. Vikombe vilikuwa vichache kuliko viti, nikachukua changu mapema na kukaa nacho.

Mtoa mada alikuwa mwanamke mwenye sauti nzuri ya kushika watu. Alipotaja chuo anachotoka, nikakiweka kikombe chini. Ni kile changu cha wikendi. Yeye alikuwa kiongozi wa huduma za wasomaji, mtu wa ofisini. Hajawahi kuniona, wala mimi sikuwahi kumwona. Nikakichukua tena kikombe.

"Pale kwetu," alianza, "kuna mama mmoja, mwanafunzi wa wikendi. Mtu mzima. Kaja dawatini, mwenzangu kampakulia makala, kamwekea kwenye flashi. Mama kauliza, 'Narudisha lini?'"

Ukumbi ukaangua kicheko. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Akaambiwa hairudishwi. Hakuamini. Baada ya wiki mbili karudi na flashi yake, kaiweka juu ya dawati. Anasema amechelewa siku moja, yuko tayari kulipa faini."

Hapo watu waligonga meza. Mkubwa wangu alinipiga kofi gotini, machozi yanamtoka.

Sikurudi na flashi. Na kama ningerudi, yeyote anayenijua angewaambia kwamba faini ambayo hakuna aliyeidai siwezi kujitolea kuilipa. Swali langu lilikuwa limepita kwa madalali. Lilitoka kwangu likiwa dogo, kila mkono ukaongeza chake, likafika Bugolobi likiwa na flashi, faini na wiki mbili. Ningeweza kuinua mkono na kurekebisha bei. Mkono ulikuwa kwenye kikombe, ukabaki hapo hapo.

Nikacheka. Ni lazima niandike hivyo, kwa sababu ndicho kitu ninachorudi kukitazama kila siku. Sikutabasamu kwa adabu, nilicheka kwa sauti, tena nadhani nilikuwa kati ya wa mwisho kunyamaza.

"Sasa," alisema mtoa mada, baada ya kutuacha tucheke mpaka tukatosheka, "huyu mama ndiye hatutakiwi kumcheka." Watu wakaandika.

Kisha akataka maigizo, ili tujizoeze. Akatafuta kwa macho. "Wewe dada, mwenye hijabu ya kijani. Umri unafaa. Njoo uwe yule mama."

Nikaenda. Bwana mmoja wa chuo cha jirani akakaa nyuma ya meza kuwa mkutubi. Mtu mwingine akatoa flashi yake mfukoni, nikapewa niishike. Nikasema, "Narudisha lini?"

"Hapana, dada," alisema mtoa mada kwa upole. "Unasema kama mtu anayejua anachouliza. Yule alikuwa amepotea kabisa. Hebu potea."

Nilisimama pale mbele ya watu wazima wa kazi yangu, nikafundishwa kuwa mimi. Nikamkumbuka kijana mmoja aliyewahi kuja dawatini kwetu kuomba kile kitabu chekundu, bila jina la kitabu wala la mwandishi. Kila mwaka wanafunzi wapya wakija tunawazungusha maktabani, na huyo kijana ndiye kichekesho changu cha kuwachangamsha. Sikuwahi kujiuliza kama alikuwa amesimama humo humo kati yao.

"Narudisha lini?" nikasema tena. Safari hii nilikunja mabega, nikafungua mdomo kidogo, nikazungusha macho. Ukumbi ukapiga makofi.

Wakati wa chakula tulisimama kwenye foleni ya matoke, mimi na mkubwa wangu, sahani mikononi.

"Sikujua una kipaji," alisema. "Umemweza kweli kweli. Hebu fikiria angekuwa wetu yule. Tungemfanyaje?"

"Tungempeleka kwenye mizigo," nikasema.

Alicheka mpaka akaomba nimshikie sahani. Nikasimama na sahani mbili, yangu na yake. Alipojifuta macho akaniuliza, "Na wewe, masomo yako yanaendaje?"

"Yanakwenda."

"Usituangushe. Muda wenyewe ndio huo."

Aibu ya lile swali peke yake ningeimudu. Nakivubo watu wamenicheka kwa mambo makubwa zaidi nikawauzia beseni siku hiyo hiyo. Kilichonikaa ni kwamba yule mama alihitaji mtu mmoja tu ukumbini wa kunyamaza. Aliyemjua kuliko wote alikuwepo, amekunywa na chai, naye akamcheka, akamwigiza, kisha akamhukumu kwenda mlangoni kwa mdomo wake kabla ya kuonja matoke.

Jumamosi iliyofuata sikwenda kwenye maktaba ile, wala Jumamosi nyingine baada yake. Nilijaribu kuiandika sura ya pili kwa vitabu vyangu vya kale na ile makala moja, ambayo niliinyoosha kama unga wa chapati moja kwa wageni sita. Msimamizi aliisoma nikiwa nimeketi mbele yake.

"Mama, tulishaongea," alisema, akanirudishia. Hakuonyesha hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikarudi. Askari wa getini alinisalimu, "Karibu, mwanafunzi," siku ambayo ningependelea aniite mzazi. Niliomba dawatini awepo mtu mwingine. Alikuwa yeye, Mkenya mwenye ndevu.

"Mama, umepotea sana," alisema. "Ile makala ilikusaidia?"

Nilikuwa nimejipanga kunyamaza. Lakini nikiwa na maneno kifuani nashindwa kuuliza kitu kingine.

"Ilinisaidia," nikamwambia. "Nimeikuta na Bugolobi. Kwenye semina. Nasikia niliirudisha, tena na faini."

Alichelewa kuelewa, kisha akaelewa. Aliinamisha uso mpaka nikaona utosi wake.

"Nilimsimulia bosi tu, mama. Wakati wa chai. Sikusema kwa ubaya. Na mambo ya faini sikuyasema."

"Najua. Faini si yako. Ya kwako ni ya mwanzo tu."

"Ulikuwepo ukumbini?"

"Nilikuwepo."

"Wakacheka?"

"Tulicheka," nikasema.

Akanitazama. Tulikuwa watu wawili wa kazi moja, kila mmoja akitazama upande wake wa meza. Nilikuwa nimedhani nikimpa sehemu yake, yangu itapungua. Nilihesabu mara mbili. Yeye alibaki na yake nzima, na mimi na yangu nzima.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Nitafutie makala. Nyingi. Na leo nitauliza maswali ya ovyo."

Akavuta kiti, lakini safari hii alikivuta upande wake wa ndani, nikaketi naye mahali wanapoketi wakutubi. Tuliandika maneno, tukabadilisha maneno, tukapata makala tano zinazofaa. Nilimwuliza mabano ni ya nini. Nilimwuliza kwa nini nyingine zina kufuli. Kila nilipouliza nilisikia ukumbi mzima nyuma yangu, na kicheko changu ndani yake nikikitambua kabisa, lakini niliuliza. Askari wa maktaba alipoanza kufunga madirisha, sura ya pili ilikuwa imeanza kuwa na watu ndani yake.

Cha mwisho kilikuwa kitabu kizima, cha kusoma kwenye kompyuta. Kilipofunguka, mdomo wangu ukaanza wenyewe tena, nikauwahi, nikaugeuza mzaha.

"Na hiki najua. Hakirudishwi."

Hakutabasamu. Aliisogeza kompyuta ili nione vizuri maandishi madogo yaliyokuwa chini ya jalada.

"Hiki kinarudi, mama," alisema. "Ni cha kuazima. Siku zikiisha kinajifunga chenyewe."

Nilimtazama kuona kama ananionea huruma. Nikasoma yale maandishi madogo, kisha nikayasoma tena.

"Basi niandikie tarehe," nikasema, nikampa leso yenye flashi aishike, ili nitoe kalamu.