Majina Ishirini na Mawili

Nilipopangiwa kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Urambo, nilikuwa kijana wa mjini, wa Mtendeni, mwenye viatu vinavyong'aa na maneno mengi kuliko akili. Asubuhi nilifundisha watoto, jioni kisomo cha watu wazima. Nilijiona mkombozi. Leo nikimkumbuka kijana yule natamani nimzabe kofi.

Kijiji kililima tumbaku. Tumbaku ile hukaushwa kwa moto ndani ya bani, banda la kukaushia, siku kadhaa mfululizo, na bani halishibi kuni. Miombo ya karibu ilikuwa imekwisha, kamati ikaamua ukatwe msitu wa kando ya mto. Humo mzee mmoja, mwanafunzi wangu wa kisomo, alitundika mizinga yake ya nyuki tangu ujana. Hakuwa na shamba lingine la kumlisha.

"Tuandike barua wilayani," nikawaambia darasani.

Wakaogopa. Nikawasuta: mmeshajua kuandika, mnaogopa nini? Walitaka kuweka dole gumba kama walivyozoea, nikakataa katakata. Msomi huandika jina lake kwa mkono wake, nilisema. Basi wakaandika, majina ishirini na mawili, ndimi nje kwa juhudi. La mzee likawa la kwanza. Langu halikuwamo. Mimi mtumishi wa serikali, niliwaeleza, na barua ni ya wanakijiji. Wakaniamini, nami sikuona haya hata kidogo.

Baada ya majuma matatu barua ilirudi, mkononi mwa mwenyekiti wa kijiji. Akaitisha mkutano, akasoma jina moja moja.

"Hili lako?"

"Miye sijui kuandika, mwenyekiti. Nitaandikaje?"

Akauliza wa pili, wa tatu. Akina mama waliokuwa wakijaza ubao wangu kwa mwandiko mzuri waliapa kwamba hawaijui hata a. Mkutano ukaangua kicheko. Nami nilicheka kidogo, Mungu anisamehe.

Mzee alisimama kabla hajaulizwa. "Hilo la juu langu. Nimeliandika mwenyewe."

"Nani kakufundisha uchochezi?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nikitazama viatu vyangu. Nilikuwa nangoja uhamisho wa kurudi mjini, nilikuwa na mama wa kumtunza. Mwoga hakosi sababu.

"Hakuna aliyenifundisha," mzee akasema. "Akili zangu tu."

Akapewa adhabu: yeye ndiye ataanza kuukata msitu, tena bila kupewa siku ya kuishusha mizinga. Watoto wa shule watabeba magogo. "Elimu ya kujitegemea, mwalimu," mwenyekiti aliniambia, akinipigapiga begani. Nikaitikia ndiyo.

Kesho yake nikawapeleka. Tulimkuta mzee kifua wazi, anapiga shoka mti mnene wa mtundu wenye mizinga miwili juu, na mgambo wawili wamekaa mbali wanamtazama. Nyuki walikwishaanza kuvuma.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwalimu." Hakuliacha shoka. "Waondoe watoto. Mti unaangukia huko, na hawa nyuki watatoka wote."

Nikawaondoa mbio, mimi mbele yao. Tukasimama ng'ambo ya mto, tukausikia mti ukianguka, kisha mvumo wa nyuki, kisha tukamsikia mzee akipiga mayowe.