Rangi ya Kanga ya Mama

Mjukuu wangu aliiingiza kwenye kompyuta picha pekee ya mama tuliyo nayo, iliyopigwa siku alipotoka eda ya baba.

"Babu, yote nitaiacha nyeusi na nyeupe. Kanga tu nitaitia rangi. Ilikuwa rangi gani?"

"Nyekundu," nikajibu.

Akaipaka, ikapendeza. Lakini baada ya sala ya adhuhuri moyo ulinisuta: nilikuwa nimemshuhudilia marehemu jambo nisilokuwa na hakika nalo.

Nikaenda Kaole kwa dada yangu, ambaye hufunika msahafu wake kwa kanga ile ya mama.

"Nyekundu?" akacheka. "Nyekundu niliivaa mimi siku ile, na wewe ukaililia!"

Akaileta kanga ya mama. Ilikuwa imechujuka hadi kufanana na majivu. Dada akafumua upindo kwa sindano, na mle ndani, ambamo jua halikuwahi kufika, kitambaa kilikuwa kijani kibichi.

Mjukuu akaibadilisha bila kunung'unika. Sasa mama amesimama katika kijani chake, nami, mtoto pembeni yake pichani, nimemshika kanga, bado wa kijivu. Namshukuru Mungu aliyemweka dada yangu hai hadi nikajirudi.