Kiwanda cha Ng'ombe

Bosi wetu pale ofisini Bariadi alirudi kutoka kozi fupi ya Dar akiwa hashikiki. Alikuwa amejifunza mtindo wa kuandika programu uitwao Kiwanda: ukitaka kitu ndani ya programu hukiumbi mwenyewe, unakiagiza, na kiwanda kinakukabidhi kikiwa kimekamilika. Si mtindo mbaya, nimeutumia miaka. Lakini yeye aliupokea kama mtu aliyeokoka jana, na aliyeokoka jana hana adabu ya kunyamaza.

Kazi yenyewe ilikuwa kusajili mifugo wakati wa chanjo. Akaandika Kiwanda cha Ng'ombe kwa mikono yake. Mchanjaji anaingia bomani, anabonyeza simu, na ng'ombe anazaliwa kwenye mfumo akiwa na rangi, umri na mwenye mali. Mwenye mali alitoka wapi? Kwenye boma. Ng'ombe akilala kwako, ni wako. Nilimkumbusha kwamba huku watu huweka ng'ombe kwa ndugu na marafiki, ili ugonjwa ukipiga boma moja wasiishe wote, na kwamba yeye mwenyewe, mtoto wa Mwamapalala, alisomeshwa na ng'ombe waliolala kwa watu. Akajibu kwamba hizo ni mila, mfumo unataka usanifu. Nilimdharau siku ile na sijaacha.

Baada ya chanjo ya Bukundi alikuja mama mmoja mjane, ameletwa kwa pikipiki na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Ng'ombe wa mama walikuwa bomani kwa shemeji, na sasa wote walisomeka kwa jina la shemeji. Mnadani, wanakoangalia jina lililo kwenye mfumo, mama asingeweza kuuza hata mmoja. Shemeji aliona aibu kuliko sisi.

"Hawa si wangu," alisema. "Mimi nachunga tu. Toeni jina langu."

Bosi akaanza kumweleza kwamba kitu kikishatoka kiwandani hakiguswi, wasubiri toleo lijalo. Mimi sikusubiri. Nilikifuta kiwanda chake akiwa amesimama pale pale, nikaandika upya: mwenye mali na mchungaji ni watu wawili, na mwenye mali asipoulizwa, ng'ombe haumbwi.

Mama alitazama jina lake likitokea kwenye kioo. Hakushukuru, na alikuwa na haki.

"Mume wangu alipokufa," alisema, "ukoo mzima ulikaa, na hakuna aliyeninyang'anya hata ndama. Nyie hata kukaa hamkukaa."